Mtindi wa Bibi Haukuwa na Sukari: Kisa cha Maziwa ya Mgando, Kuanzia Buha Mpaka Friji Lako

Leo hakuna ya nani kamwacha nani wala nani kanunua gari la nani. Nina kisa cha watu ambao ukipekua vitabu vya historia ya Kigoma hutakuta jina lao hata moja: akina mama wa Buha waliokaa na kibuyu cha maziwa mapajani, wakikisukasuka asubuhi nzima mpaka siagi itoke. Wasafiri wa Kizungu tunawajua kwa majina, tunajua mwaka waliofika na homa iliyowalaza. Aliyewasukia maziwa hatumjui.

Nimewakumbuka akina mama hawa kwa sababu mji mzima umeingia kwenye kukata wanga. Kuna yule daktari bingwa wa moyo, simtaji, mnamjua wenyewe, aliyetufanya tuitazame sahani ya wali kama mtu anavyomtazama mdai wake. Basi sasa kuanzia Mwanga mpaka Gungu watu wameacha ugali, wameacha chapati, chai wanakunywa bila sukari huku wamekunja uso. Sawa kabisa. Lakini jioni mtu huyohuyo utamkuta dukani kashika kikopo cha yogati ya pinki chenye picha ya strawberi, roho kwatu, anakwambia hii ni ya afya. Jamani! Ndani ya kikopo kile imetiwa sukari ambayo bibi yake hakuijua kwenye maziwa, na mara nyingi mafuta ambayo bibi yake angeyapigania yametolewa. Imekuwaje mpaka tukafika hapo? Historia yake inaanzia hapahapa kwetu, kwa hiyo twende taratibu.

Februari 1858 walifika ziwani Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wote hoi. Speke macho yalikuwa yameziba hata ziwa lenyewe hakuliona vizuri, Burton miguu haimbebi. Kitabu cha Burton kilichotoka mwaka 1860 kimejaa dharau kwa watu wetu, sitalificha hilo, ila jamaa alikuwa na sikio la lugha. Alipofika kwenye vyakula vya bara aliyapanga maziwa kwa majina matatu ya Kiswahili: mabichi, mabivu na mtindi. Mabichi ni yale ya kunywa yakiwa bado fresh. Mabivu aliyaeleza kama maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi. Na mtindi akaufananisha na laban ya Waarabu na dahi ya Wahindi, yaani maziwa yaliyoganda. Sasa niambieni, laban na dahi ni nini kama si yogati? Kumbe neno tulikuwa nalo zamani, na kitu chenyewe tulikuwa nacho, kabla hakijapewa kikopo.

Lakini angalieni neno lilivyohama. Leo ukifungua kamusi ya Kiswahili, utakuta mtindi unaelezwa kuwa ni maziwa yaliyoganda na kutolewa siagi. Mitaani nako mtu akisema mtindi anaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo mbili. Kwa mtu wa kawaida hiyo si hoja. Kwa mtu aliyekata wanga ni hoja kubwa, kwa sababu ukiondoa wanga kwenye sahani na mafuta nayo ukayaondoa, utashiba nini? Utakaa na njaa mpaka saa nne usiku halafu utaamka kutafuta mkate. Nawajua.

Kwa nini mtindi ulitolewa siagi? Hapo inabidi tupande mlimani.

Kule Heru, Muhambwe na Buyungu, ndiyo Kasulu, Kibondo na Kakonko za leo, ng'ombe alikuwa benki na alikuwa heshima. Nchi ya juu ina ubaridi na majani, na mbung'o ni wachache. Ukishuka kwenye mabonde ya Malagarasi na misitu ya miombo, mbung'o wanamaliza mifugo. Kwa hiyo maziwa yalikuwa ya watu wa mlimani, na sisi wa ziwani tulikuwa watu wa dagaa, migebuka na mawese. Huko juu watawala walioitwa mwami na jamaa zao wa Kitutsi walikuwa na makundi ya ng'ombe. Mkulima wa Kiha asiye na ng'ombe aliweza kumpata kwa utaratibu ulioitwa ubugabire: unapewa ng'ombe, unamtunza, unakunywa maziwa yake, lakini unabaki mtu wa yule aliyekupa, na deni la utumishi halifutiki upesi. Wengine mtasema mbona inafanana na ile miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Inafanana kidogo. Tofauti ni kwamba kwenye mradi ukishalipa ndama umemaliza, unaweza kumpita aliyekukopesha barabarani bila kuinama.

Sasa ndani ya maziwa hayo kitu cha thamani kilikuwa mafuta. Maziwa mabichi hayasafiri, jua la saa tano linayaharibu. Siagi ilipakwa mwilini, ngozi ikang'aa, na ukiichemsha ikawa samli inakaa muda mrefu, inabebeka na inauzika. Kwa hiyo palipokuwa na mkubwa wa kupelekewa au mnunuzi wa kumuuzia, mafuta ndiyo yaliyotangulia kutoka nyumbani. Kilichobaki kwenye kibuyu, kile chepesi cha kuchachuka, wakanywa watoto na wafanyakazi. Mimi naona hapo ndipo neno mtindi lilipopungua mafuta: nyumba yenye ng'ombe wengi ilikula mgando mzima na utando wake juu, nyumba yenye ng'ombe wa kupewa ikanywa yaliyobaki. Na aliyetenganisha hayo mawili kwa mikono yake alikuwa mama na kibuyu chake. Kwa desturi za wafugaji wa maziwa makuu, kukamua kulikuwa kazi ya wanaume na kusuka maziwa kazi ya wanawake. Yeye ndiye aliyejua mafuta yamekwenda wapi.

Mafundi walikuwa mafundi kweli. Kibuyu kinaoshwa, kinafukizwa moshi, maziwa yanamiminwa, na kesho yake yameganda bila kutiwa kitu. Mwaka 1872 David Livingstone, yule aliyekutwa na Stanley pale Ujiji mwaka mmoja nyuma, alikuwa Tabora anangoja wapagazi. Akajitengenezea jibini za safari, na katika shajara yake akaeleza kwamba hakutia dawa ya kugandisha, kwani maziwa ya huku yanaganda yenyewe kwa nusu siku, ila jibini inatoka chachu kidogo. Kwake hiyo ilikuwa kero ya hali ya hewa. Kwa mama wa Kiha ilikuwa ndiyo teknolojia yenyewe. Mbegu ya jana ilikuwa imejificha kwenye kuta za kibuyu, inangoja maziwa ya leo.

Wazungu wakaja kuiona mbegu hiyo kwa hadubini baadaye sana. Mwaka 1905 mwanafunzi wa udaktari wa Kibulgaria, Stamen Grigorov, alieleza bakteria wa yogati ya kwao. Muda si mrefu Elie Metchnikoff, mwanasayansi wa Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akaanza kuhubiri kwamba maziwa machachu yanaongeza umri. Mwaka 1919 kule Barcelona Isaac Carasso akaanzisha kampuni ya Danone, na mwanzoni yogati yake iliuzwa kwenye maduka ya dawa. Umeona safari hiyo? Kitu cha kibuyuni kikawa dawa, kisha kikawa biashara.

Bakteria wale wanafanya nini? Maziwa yana sukari yake ya asili inayoitwa laktosi, karibu gramu 5 kwa kila gramu 100. Bakteria wanakula sehemu ya sukari hiyo na kutoa asidi, na ule uchachu unaokukunja uso ndio asidi yenyewe. Kwa hiyo mgando uliokaa ukachacha zaidi una sukari pungufu kuliko uliogandishwa leo. Hapa ndipo ninapowacheka watu wanaosema huu mkali mno, leta sukari. Yaani bakteria wamefanya kazi usiku kucha kukupunguzia sukari, wewe unairudisha kwa kijiko!

Na mambo ya kukata wanga nayo si ya jana. Mwaka 1863, miaka mitano tu baada ya Burton kufika Ujiji, mzee mmoja wa London, William Banting, aliyekuwa mtengeneza majeneza, alichapisha kijitabu kueleza alivyopunguza unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Daktari wake alikuwa William Harvey. Kijitabu kikavuma mpaka jina la Banting likawa neno la kupunguza mwili. Lakini katika orodha ya alivyoambiwa aache, maziwa nayo yalikuwemo. Nadhani angekutana na mgando wa Kasulu angejitetea mbele ya daktari. Baadaye, kabla insulini haijapatikana mwanzoni mwa miaka ya 1920, madaktari hawakuwa na silaha nyingine ya maana kwa mgonjwa wa kisukari zaidi ya kumnyima vyakula vya wanga. Kwa hiyo mtu anayekata wanga leo kwa ajili ya sukari yake yuko kwenye njia iliyokanyagwa na watu waliokuwa wakipigania maisha, si fasheni ya mitandaoni tu.

Turudi kwetu. Sukari ilitufikiaje? Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ndiyo maana tunaitwa mwisho wa reli, na kila kilichopakiwa Dar es Salaam kikawa kinaweza kushushwa hapa kwa siku chache badala ya miezi ya wapagazi. Miaka ya 1930 mashamba ya TPC kule Moshi yakaanza kutoa sukari, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikaja kiwanda cha Kilombero. Wakati huohuo wa miaka ya 1930, Waingereza walikuwa wanawahamisha watu wa Buha kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Sukari inaingia kwa reli, na huku watu wanang'olewa kwenye vijiji vyao. Chai ya maziwa yenye sukari ikawa alama ya mtu aliyestaarabika, na mtindi mtupu ukabaki kuwa wa kijijini.

Halafu ikaja ile miaka ya foleni. Wenye umri wao wanakumbuka mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, sukari inagawiwa kwa kilo na majina yanaitwa. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Kasulu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema miaka ile ndiyo waliyorudi kwenye mtindi mtupu, kwa shida wala si kwa kupenda. Sukari iliporudi madukani, walisherehekea kwa kuimwaga kwenye bakuli. Siwalaumu. Mtu aliyenyimwa kitu miaka mingi humwambii kuwa hakihitaji.

Kule Ulaya nako yogati ilikuwa imeshapata rafiki mbaya. Mwaka 1933 kiwanda kimoja cha maziwa cha Prague kilianza kutia jamu ya matunda kwenye yogati, kwa nia njema ya kuilinda isiharibike upesi. Watu wakaipenda kwa utamu wake, na ulinzi wakausahau. Baadaye likaja wimbi la kuogopa mafuta, viwanda vikayatoa, na yogati isiyo na mafuta ni nyepesi, haina ladha. Vikaijazia sukari na wanga wa kuifanya iwe nzito. Hicho ndicho kikopo cha pinki. Kwa hiyo mwenzangu uliyekata wanga, kikopo kile kinakupa sehemu ileile iliyompata mtoto wa nyumba ya ubugabire, maziwa yaliyonyonywa mafuta, na juu yake wamekuongezea sukari.

Basi tunachagua vipi?

Ukienda sokoni, uliza kwa majina ya zamani. Mimi pale soko la Mwanga nina mama mmoja ninayenunua kwake, na siku ya kwanza tuliongea hivi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Huu mtindi umetolewa siagi?" Akanitazama juu mpaka chini kama anayepima nimetoka wapi. "Ule wa kwenye dumu umesukwa. Huu wa ndoo ni mgando, haujaguswa." "Na sukari?" "Sukari utaweka kwako, mimi siuzi sukari." Sentensi mbili, nikajua ninachobeba. Mgando mzima una utando wa njano juu, ukiuchota unakatika kama jeli, pembeni linajitenga jimaji la kijanikijani. Usimwage jimaji hilo kwa kudhani umeharibika.

Dukani, geuza kikopo nyuma. Picha ya mbele ni ya mauzo. Orodha ya vilivyomo ikiwa na maziwa na bakteria tu, umepata. Ukiona sukari, wanga wa mahindi, ladha na rangi, rudisha rafuni bila ugomvi. Kisha tazama mstari wa wanga kwa gramu 100. Yogati tupu ya maziwa kamili huwa na wanga wa gramu 4 mpaka 5 na kidogo, na mafuta kama gramu 3 na nusu. Ya matunda mara nyingi huzidi gramu 12. Kwa hiyo bakuli la gramu 200 la mgando mtupu ni kama gramu 9 za wanga. Ukiweka vijiko vitatu vya chai vya sukari umeongeza gramu 12, yaani sukari uliyoitia imeyapita maziwa yenyewe. Na ukilinganisha na ugali, unga wa sembe gramu 100 una wanga unaofika gramu 75 au zaidi, kwa hiyo mgando si adui yako hata kidogo.

Nyumbani ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Chemsha maziwa mpaka yafure. Hapa siwafuati wazee, maana kwa Wahima na jirani zao kuchemsha maziwa kulikatazwa kwa kuogopa kumdhuru ng'ombe. Leo tunajua maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu, na uchachu hauui vyote hivyo. Yapoe mpaka kidole kivumilie joto, koroga vijiko viwili vya mgando wa jana usio na sukari, funika, zungushia kanga nzito, lala. Asubuhi umepata. Ukiutaka mzito zaidi, umimine kwenye kitambaa safi uuning'inize saa mbili tatu. Maji yanayotiririka yanaondoka na sehemu ya laktosi, na kinachobaki kina wanga pungufu tena.

Kuna wanaouliza kama mafuta yote hayo hayaui moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari wa Kimarekani, George Mann, alikuja Tanganyika akawapima wanaume 400 wa Kimasai wanaoishi kwa maziwa na nyama, na utafiti uliotoka mwaka 1964 ulionyesha kolesteroli yao iko chini. Baadaye akaanza kushuku kuwa kwenye maziwa machachu yenyewe kuna kitu kinachosaidia. Wanasayansi wanabishana mpaka leo, na Mmasai yule alikuwa akitembea na ng'ombe kutwa nzima, si kama sisi tunaopanda bodaboda kwenda mtaa wa pili. Bakuli moja kwa siku linatosha. Na wewe unayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usikate wanga kabla hujaongea na daktari wako, kwa sababu dozi ya mla ugali inaweza kumwangusha asiyekula ugali.

Kwa ladha, achaneni na matunda ya kopo. Mgando mzito, tango lililokwanguliwa, punje moja ya kitunguu saumu, na chumvi kidogo ya Uvinza, ile iliyokuwa ikichemshwa kwenye chemchemi za pale zaidi ya miaka 1000 kabla Burton hajazaliwa. Weka pembeni ya mgebuka wa kuchoma aliyetoka Kibirizi asubuhi ileile, kamulia ndimu. Ugali hamtauulizia, na kama mtauulizia basi mgebuka wenu alikuwa mdogo.